Oblivion au Skyrim: tupeane uzoefu, ipi ilikula usingizi wako na ilikufanyia nini?

Kobe Mzee (mleta uzi)
Wakuu habari za muda huu. Humu kila nikiingia ni mpira tu, fulani kamfunga fulani goli nne kwenye FIFA, sasa leo naomba wale wachache tuliopotelea kwenye The Elder Scrolls, yale magemu ya mapanga, uchawi na majoka, tujitokeze. Oblivion ya 2006 na Skyrim ya 2011. Ila sitaki mtu aje aandike "Skyrim kali" halafu asepe, nataka usimulie kilichokukuta wewe mwenyewe. Naanza mimi.

Oblivion niliikuta 2009 kwenye desktopu ya bro, gemu lipo tayari, sijui kalitoa wapi na sikuuliza. Mwanzoni unachagua ujuzi 7 wa msingi kati ya 21, mimi macho yakatua kwenye Acrobatics na Athletics, yaani kuruka na kukimbia, nikasema hapa hapa. Nikawa natembea Cyrodiil nzima, nchi ya gemu hilo, kwa kuruka kama chura, kutoka Imperial City mpaka Chorrol naruka tu, na kila ukiruka ujuzi unapanda, raha mustarehe.

Kumbe najichimbia kaburi. Lile gemu ule ujuzi wa msingi ukipanda mara 10 kwa jumla, ukienda kulala kitandani unapanda leveli, na wewe ukipanda leveli dunia nzima inapanda na wewe. Mimi nikawa napanda leveli kwa kuruka, upanga sijui kushika, ngao sijui, uchawi wangu ni ule wa kuwashia taa. Nikafika leveli 20 na ushee naweza kuruka mpaka juu ya bati la mtu lakini panya ananisumbua.

Siku moja niko barabarani akatokea yule jambazi wa Kikhajiit, hawa watu paka, ananiambia toa mia au nikuue. Tazama alivyovaa sasa. Deraya ya glasi mwili mzima, kofia ya glasi, silaha ya glasi. Vitu ambavyo mimi shujaa wa gemu sijawahi kuvigusa. Huyu mtu akivua buti moja tu akiuza anaishi mwaka mzima, lakini kasimama juani ananidai mimi mia. Nilimpa. Nilikuwa na elfu na kitu mfukoni ila ndo hivyo, kupigana naye ningekufa.

Skyrim hilo wamelirekebisha, maadui wengi wana kiwango chao cha chini na cha juu, na pango likishapanga ugumu wake siku ulipoingia mara ya kwanza linabaki hapo hapo. Kwa haki kabisa Skyrim imetengenezwa vizuri zaidi. Lakini mimi wa Skyrim hata mmoja simkumbuki kama ninavyomkumbuka yule paka. Karibuni.

Mbeba Mizigo
Mleta uzi umenichekesha hapa ofisini hadi mtu ameniuliza kuna nini. Hiyo ya kulala ni ukweli, watu waliojua ujanja walikuwa wanakataa kulala, mtu anamaliza gemu lote akiwa leveli ya 2 na macho mekundu, hata ile milango ya kuzimu wanakotokea mapepo inakuwa rahisi maana ndani anakutana na vidudu vidogo.

Mimi ni Skyrim, Nairobi, 2012, laptopu haina kadi ya picha ya maana. Nilishusha mipangilio yote chini, kivuli nikatoa, nyasi nikatoa, nikaona mbali kama hatua ishirini hivi na baada ya hapo ni ukungu. Sasa nimetoka Helgen kule mwanzo, nimekimbia joka, naelekea mji wa Whiterun, kwa ukungu naona kitu kama nguzo za stima zinatembea. Nikasogea nione. Ni jitu, lile la kuchunga ndovu. Likanipiga rungu moja nikaenda juu, wasee, nikaenda JUU, nikaona kumbe ramani yote iko huko chini, ndiyo mara ya kwanza laptopu yangu kunionyesha mandhari ya Skyrim na nilikuwa maiti. Baadaye nikasoma kuwa ile ilikuwa hitilafu ya programu na watengenezaji wakaamua kuiacha kwa sababu inachekesha. Walifanya vizuri.

Paka wa Kisauni
Mimi kaka nlicheza Oblivion na mdogo wangu, yeye alikuwa darasa la tatu, Kiingereza bado. Ikawa mimi nacheza na kumtafsiria. Mule handakini mwanzo mfalme anauawa mbele yako, hata hujamzoea, anakupa kidani chake ukampelekee mtu. Mdogo wangu akaniuliza, "Sasa huyu mzee ashakufa kweli au atarudi?" Nkamwambia kafa. Akanyamaza. Sauti ya yule mzee nlikuja kujua ukubwani kwamba ni Patrick Stewart, hebu fikiria, mtu mzima na jina lake wamemwita aje aseme maneno mawili afe.

Basi tukaenda hadi Kvatch mji umeungua wote, tukampata yule padri Martin ambaye kumbe ni mtoto wa mfalme wa nje ya ndoa. Mdogo wangu alimpenda Martin sana. Akirudi madrasa anauliza, Martin leo amefanyani? Mwisho wa lile gemu kwa mwenye kujua anajua, Martin anavunja kile kidani anageuka joka la moto anapigana na lile pepo kubwa, kisha anakuwa jiwe pale pale katikati ya hekalu. Nlijaribu kuitafsiri vizuri lakini sikupata maneno. Alilala bila kula.

Skyrim ilipotoka nkaenda kuitafuta kwa furaha, nkamwita, haya njoo, gemu lao jipya hili. La kwanza kuniuliza, Martin yuko wapi? Nkamwambia hii ni miaka 200 baadaye, wote tuliowajua wameshakufa. Akaniangalia. Akasema basi mimi sichezi, akatoka nje kucheza mpira. Mpaka leo ana miaka zaidi ya ishirini hajaigusa Skyrim, nami nkicheza huona kama namsaliti hivi.

Mama Lydia
Paka wa Kisauni umeniliza bure asubuhi hii.

Naona wanaume wote mnaongelea mapigano. Mimi Skyrim nilipewa na mume wangu nimsaidie "kukusanya maua" maana yeye alichoka kutafuta vitu vya kutengenezea dawa, ndo ikawa basi, laptopu hakuiona tena. Nikaweka ile nyongeza ya kujenga nyumba, Hearthfire ya 2012. Jamani. Nilinunua kiwanja kule Falkreath kwa 5,000, anakupa hati hapo hapo. Hakuna dalali, hakuna cha kuja kusikia kiwanja kina wenyewe watatu, hakuna mwenyekiti wa mtaa anataka asilimia kumi yake. Nikajenga mwenyewe, udongo nachimba mwenyewe, misumari nafua mwenyewe, magogo tu ndo nanunua. Nikaolewa, unavaa tu ile hirizi ya Mara shingoni, watu wakiiona wanajua huyu anatafuta, unamwambia unaenda hekalu la Riften mnafungishwa ndoa. Mume anafungua duka nyumbani, kila siku unachukua faida yako mia. Nikaasili watoto wawili.

Lile joka Alduin sijui mla dunia sijui nini, sikuwahi kumfikia. Mume wangu ananiambia dunia inaisha wewe unapanda kabichi. Namwambia dunia haijaisha mbona bado kuna wateja dukani.

Oblivion nilijaribu siku mbili. Nyumba unanunua iliyojengwa tayari, ndoa hakuna, na watu wana sura kama wamevimba fizi. Nikaacha.

Mbeba Mizigo
Mama Lydia hahaha sura za Oblivion nakubali, pale huna utetezi.

Chumba Namba Sita
Sura mbaya ndiyo lakini misheni zake hakuna mfano, na hapa nitatetea mpaka kesho. Chukua Dark Brotherhood peke yake, kile chama cha wauaji. Skyrim unaingiaje? Kuna mtoto yatima kule Windhelm anafanya tambiko ili aje mtu amuulie yule bibi mlezi katili wa kituo cha Riften. Unaenda unaua, watoto wanashangilia. Nzuri, sikatai, ile ya watoto kushangilia inabaki kichwani.

Sasa njoo Oblivion. Unatumwa Skingrad kwenye jumba la kifahari, wageni watano wameitwa wakaambiwa humu ndani kumefichwa sanduku la dhahabu, milango imefungwa, mpaka lipatikane. Wewe ni wa sita. Sanduku halipo. Wewe ndo mpango wenyewe. Na huambiwi uwakurupukie, unaambiwa mmoja mmoja na asikuone mtu. Kuna bibi wa kitajiri anayedharau wenzake, kuna mwanajeshi mstaafu, kuna mlevi wa Kinord, kabila moja la mule, kuna kijana wa ukoo wenye hela na msichana wa Kidunmer, kabila jingine.

Nilicheza usiku, mvua inanyesha kwetu Moshi, umeme unacheza cheza. Nikaanza na yule bibi kalala chumbani. Nikatoka nikajumuika na wengine sebuleni kama sijui kitu, maiti ikapatikana, na wakaanza kunifuata MIMI wananiambia wanayemshuku. Kila mmoja ananong'ona jina la mwenzake. Ananiamini! Yule mstaafu ananipangia namna ya kumkamata muuaji. Nikawa nacheka peke yangu halafu kicheko kikakata, nikajisikia vibaya kweli, nikasimama nikaenda kunywa maji.

Nimebaki na mmoja wa mwisho umeme ukakatika. Ulivyorudi saa nane usiku nikaanza upya toka mwanzo. Mara ya pili yule bibi nilimuua wa mwisho, hakustahili kwenda kwanza.

Skyrim kuna ile ya kuua bi harusi kwenye harusi yake kule Solitude, unamwangushia sanamu, safi, lakini ni ya dakika tano.

Bahari ya Omani
Salaam kutoka Maskati. Mimi nitasema moja tu, uchawi. Oblivion kabla ya kuingia chuo kikuu cha wachawi lazima upate barua saba za mapendekezo kutoka matawi ya miji saba, usumbufu mtupu, kila tawi lina mkuu wake na kila mkuu ana shida zake anataka umalizie wewe. Lakini ukishaingia kuna meza pale unatunga uchawi wako mwenyewe. Nilitunga mmoja wa moto na baridi na umeme kwa mpigo, na mwingine wa kumfanya mlinzi wa mji anipende kwa sekunde tatu tu, hizo tatu zinatosha kumsemesha.

Halafu nikaja kugundua vile vitu vya kinyonga, unatia uchawi kwenye nguo asilimia 20, ukiwa na tano zenye hiyo unapata mia. Mia kamili. Hakuna anayekuona. Nilikuwa naingia ndani ya ile milango ya kuzimu napita katikati ya mapepo nawapiga na wanageuka wanatafutana, hawajui wanapigwa na nani. Gemu likafa siku hiyo hiyo. Hakuna tena la kuogopa. Nikavua nguo zote nikazitupa kwenye pipa moja Bravil nikaendelea kama binadamu.

Skyrim wameiondoa ile meza. Mimi naona ukimpa mtu uwezo wa kuharibu gemu lake na akaliharibu, hiyo ni hadithi yake.

Kobe Mzee (mleta uzi)
Uzi umenoga. Bahari ya Omani hiyo ya kutupa nguo kwenye pipa nimeipenda.

Nimalizie na hili, Oblivion imetolewa upya Aprili 22, 2025, sura wamezipiga rangi (Mama Lydia jaribu tena), na mambo ya leveli wamelainisha, sasa kila leveli unapewa pointi 12 ugawe kwenye sifa zako mpaka tatu na hata ule ujuzi usio wa msingi unahesabika. Yaani ugonjwa ulioniua 2009 wameutafutia dawa. Kompyuta yangu haiwezi hata kulifungua, nilijaribu kwa aibu, ila binamu yangu Kimara analo na mashine inapiga kazi, nikaenda Jumamosi akanipa sevu yake iko leveli 24, akasema zunguka zunguka mi naenda kununua luku.

Nikashuka barabarani pale nje ya Imperial City, jua zuri, maua, nikaanza kuruka. Sijafika mbali. Katokea kichakani. Glasi mwili mzima, mkuu, na sasa inang'aa zaidi maana picha ni mpya. Toa mia.

Nikampa.

Paka wa Kisauni
Ya nini tena kumpa, si ungemruka tu ukaenda zako!