Tuhamie mji wa pembezoni au tubaki katikati ya jiji?

Baba wa Wawili:
Habari zenu ndugu. Kuna jambo linaninyima usingizi. Mimi na mke wangu tuna watoto wa miaka 9 na 4, tunaishi ghorofa ya tatu katikati ya jiji, vyumba viwili. Mdogo akikimbia sebuleni, jirani wa chini anagonga dari. Sasa tumepata nyumba ya vyumba vitatu na ua katika mji wa pembezoni, kilomita 34 kutoka hapa, na kodi ni karibu sawa na ya hapa. Mimi naingia kazini saa mbili asubuhi. Mke wangu ni muuguzi, zamu zake nyingine huisha saa nne usiku. Gari tunalo moja. Mliowahi kuishi huko, ni nini ambacho hamkuambiwa kabla ya kuhama?

Mama Mapacha:
Umefanya vizuri kuuliza mapema. Sisi tulihama kwanza, ndipo tukajifunza. Nimeishi mji wa namna hiyo miaka sita.

Uzuri upo, sikufichi. Wanangu walijua baiskeli kwa siku tatu kwa sababu walikuwa na mahali pa kuangukia. Usiku kunapoa mapema: zege na lami za katikati ya jiji hushika joto la mchana na kuliachia usiku, huko kuna udongo na miti. Nililala vizuri kuliko nilivyowahi kulala.

Lakini hilo gari moja, kaka, ndilo swali lenyewe. Nyumba zikitawanyika, kila kituo cha basi kinapata abiria wachache. Basi lisipojaa, safari zinapunguzwa. Safari zikipungua, mwenye uwezo ananunua gari, na abiria wanazidi kwisha. Kwetu basi la mwisho lilikuwa saa tatu usiku. Mume wangu akiondoka na gari, mimi na watoto ndiyo basi tena, hatutoki.

Halafu muda. Mtafiti Mwitalia Cesare Marchetti aliandika mwaka 1994 kwamba watu, tangu enzi za kutembea kwa miguu hadi za magari, hutumia wastani wa kama saa moja kwa siku kwenda na kurudi. Mimi nilikuwa natumia tatu. Hizo mbili za ziada ni saa 10 kwa wiki, na nilizitoa kwa watoto walewale niliohama kwa ajili yao. Nilikuwa nawakuta wamelala. Ua ulikuwepo, mama hayupo. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kabla ya kusaini mkataba, ifanye hiyo safari siku ya kazi, asubuhi. Usiende Jumapili.

Mjukuu wa Fundi:
Pole sana Mama Mapacha. Ila tusiweke miji yote ya pembezoni kapu moja. Mwingereza Ebenezer Howard alitoa wazo lake la miji ya bustani mwaka 1898, na mji wa Letchworth huko Uingereza ukaanza kujengwa 1903: nyumba, viwanda na mashamba mahali pamoja, ili watu wafanye kazi karibu. Lakini Levittown, mji wa pembezoni mwa New York ulioanza 1947, ulikuwa na nyumba zaidi ya 17,000, na wengi wa wenyeji walisafiri kwenda kazini kwingine. Kwa hiyo, Baba wa Wawili, angalia mji wako ni wa aina gani. Je, kuna sekondari ya kufikika kwa miguu? Zahanati? Huyo wa miaka 9 karibuni atakuwa na 13, na kama kila kitu kiko mbali, utakuwa dereva wake.

Baba wa Wawili:
Ahsanteni sana. Nimemsomea mke wangu majibu yote. Hakusema kitu kuhusu ua, ameuliza tu basi la mwisho kwenda huko linaondoka saa ngapi. Nimekaa kimya, maana sikuwahi kuuliza. Jumatatu nakwenda.