Mrejesho: jiko la kuni la kwenye tundu la ukutani

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza nichukue jiko gani la kuni badala ya lile kuukuu lililopasuka mlango, lililokaa ndani ya tundu la meko ukutani. Moyo ulishaangukia la kilowati 8, yaani kipimo cha joto linalotoa. Aliyeniambia nipime tundu kwanza, Mungu ambariki. Upana ulitosha, ila kimo kilibana: juu ya jiko ingebaki nafasi ya kupitisha kiganja tu, joto lote liishie kwenye matofali.

Nimechukua la kilowati 5. Chumba chenyewe si kikubwa, na jiko kubwa ukilibania hewa ili lisikuchome, kuni zinafukuta tu na bomba linajaa masizi yanayonata kama lami. Fundi alipochungulia dohani ya zamani alitoa kiota kizima cha ndege, kikavu kau! Tukashusha ndani yake bomba jipya la chuma, kipenyo milimita 150, kuanzia kwenye jiko hadi juu ya paa.

Wiki ya tatu sasa, kioo cha mlango wa jiko bado kinang'aa. Kiliingia weusi siku moja tu, nilipotia kuni mbichi kwa uvivu wangu.