Mrejesho: Anaconda nimeipanda, sijatapika

Wakuu, mimi ndiye yule wa Mbeya niliyeuliza kama mtu anayetapika basi likishuka mlima Kitonga wenye kona kali anaweza kupanda Anaconda pale Gold Reef City, Johannesburg, kile kitreni cha kupinduka huku miguu inaning'inia hewani. Shemeji alishakata tiketi, kukataa ilikuwa aibu.

Nimepanda, na chakula kimebaki tumboni.

Aliyenieleza kwamba kichefuchefu huanza macho na sikio la ndani yanapotoa taarifa zinazopingana, ubarikiwe. Kitonga huwa nainamia simu: macho yanasema nimetulia, sikio linasema tunakata kona. Kwa hiyo kule juu nilikaza macho mbele, kichwa nimekibana kwenye kiti, sikufumba hata tulipopinduliwa. (Kelele nilipiga. Kwa Kinyakyusa.) Asubuhi nilikula mkate na chai ya tangawizi tu, maana tumbo tupu nalo ni shida.

Promethazini, dawa ya kuzuia kutapika safarini, niliikwepa kwa sababu inalaza sana. Mfamasia alinipa sinarizini, nikameza kama saa mbili kabla; usingizi ulikuja kidogo tu.

Kilichonimaliza ni chombo kingine, kile cha kuzunguka mfululizo. Hicho hapana! Nilishuka nikakaa chini, shemeji anacheka. Anaconda inaisha upesi, lakini mzunguko usiokoma unalivuruga sikio kabisa.

Dada uliyeuliza kama mwanao anaweza kupanda: getini wanapima urefu, basi mpime nyumbani kabla hujamwahidi.