MJADALA: Jogoo afukuzwe mtaani, au mfugaji ndiye abanwe?

Mfugaji wa Tabata (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za kutwa. Kwenye mkutano wa mtaa wetu hapa Dar, jirani mmoja, nesi wa zamu ya usiku, alisimama akaomba majogoo wapigwe marufuku, mitetea ibaki. Wengi walipiga makofi. Mwenyekiti akasema suala lirudi mkutano ujao, kila mtu aje na hoja. Mimi nafuga kienyeji na machotara uani kwangu, na nataka kusikia maoni ya watu wengi zaidi kabla ya siku hiyo.

Nesi ana haki ya kulalamika, tusimbeze. Ukiwa karibu na jogoo anayewika, sauti inapita desibeli 100. Yeye mwenyewe ameumbwa masikio yake yanazibika anapofungua mdomo, jirani hana kinga hiyo. Tena hasubiri kuona mwanga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo ana saa ndani ya mwili wake: hata akifungiwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika, bado anawika kwa mzunguko unaokaribia siku nzima. Mwaka 2015 wakaonyesha kwamba kwenye kundi mbabe ndiye anayeanza, wengine wanafuata kwa ngazi zao, na mbabe akiondolewa wa pili anashika nafasi. Kwa hiyo anayechinja yule mwenye kelele na kuwaacha watatu bandani hajamsaidia jirani yeyote.

Halafu kuku anataga bila jogoo. Wapo wanaofuga kwa ajili ya mayai ya kula tu na bado wana majogoo wawili, eti mitetea isisuse kutaga. Haisusi. Jogoo ni wa anayetotolesha, na mmoja anatosha mitetea kumi hivi.

Pamoja na hayo marufuku naipinga. Kuku akiatamia siku zake 21, karibu nusu ya vifaranga watakuwa majogoo. Ukisema watu wafuge majike peke yake, hao wa kiume lazima waende mahali. Kwa kuku wa mayai wa kisasa, sehemu nyingi duniani vifaranga wa kiume huuawa siku ileile wanayoanguliwa. Ujerumani imelikataza hilo tangu Januari 2022. Kwa kienyeji wetu, mapora, yaani majogoo machanga, yanapakiwa kwenye tenga, yanapandishwa basi hadi kwa bibi kijijini ambaye hakuyaomba, hayana chanjo, na ugonjwa wa mdondo unashuka nayo stendi. Kijiji kizima kinabaki bila kuku, na sisi mjini tunasema tumepata utulivu.

Pendekezo langu: anayetotolesha awe na jogoo mmoja tu, banda lisipakane na dirisha la chumba cha jirani, na kila pora aondoke kabla hajaanza kuwika, yaani akikaribia miezi minne. Awajibike kwa kila jogoo aliyemwangua. Asiyeweza asitotoleshe, anunue mitetea iliyokwisha kukua kwa mwenzake. Karibuni.

Mpangaji wa Sinza

Mkuu, umeandika vizuri ila huyo mmoja unayemtetea ndiye anayeniamsha mimi saa kumi alfajiri. Mimi ni mpangaji, mwenye nyumba ndiye mwenye banda. Unadhani nitaenda kumpimia umbali wa dirisha? Kesho nitaambiwa nitafute chumba kingine. Masharti kama yako yanamfaa mwenye kiwanja anayeongea na mwenye kiwanja mwenzake. Sheria ya Mazingira ya 2004 ipo, kanuni za kelele za 2015 zipo, baa zinabanwa kwa hizo. Jogoo apewe msamaha gani? Marufuku ina faida moja: mtendaji hahitaji kuhesabu wala kupima, akimkuta ni kosa.

Mwana wa Tanga

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mtume (S.A.W.) amekataza kumtukana jogoo kwa sababu anaamsha watu kwa ajili ya swala, hadithi iko kwa Abu Daud. Na tumefundishwa tukimsikia akiwika tumuombe Mwenyezi Mungu fadhila zake. Sasa leo tukae kikao kumfukuza? Tuliolelewa na sauti yake tunaumia kusoma haya. Hata Ufaransa mwaka 2019 mahakama ya Rochefort ilikataa kumnyamazisha jogoo mmoja wa kisiwa cha Oléron, na Januari 2021 wakatunga sheria ya kulinda sauti na harufu za mashambani.

Dada wa Kimara

Shikamoo mzee wangu wa Tanga. Hadithi naiheshimu, na hapa sijaona aliyemtukana jogoo. Lakini haki ya jirani nayo imesisitizwa sana katika dini yetu, na nesi anayetoka kuhudumia wagonjwa usiku kucha ni jirani. Hiyo sheria ya Ufaransa inalinda mashamba. Oléron si Kimara, ambako kati ya banda na kitanda changu kuna tofali la nchi sita.

Mama wa Mbagala

Naomba na mimi nisikike. Mnaongea kama vile jogoo ni pambo. Kwangu mitetea ni mayai ya watoto, jogoo ndiyo ada na sare. Pora wa miezi minne ukimpeleka sokoni mnunuzi anamshika kifua, anabonyeza mfupa, anakutajia bei ya kukutia uchungu. Jogoo yuleyule ukimvumilia mpaka Krismasi au Idi, amejaa, shingo imenona, bei ni nyingine kabisa. Huyo wa miezi minne ndiye mnayetaka nimuondoe. Faida yote iko kwenye miezi ile anayowika.

Mimi nawalaza kwenye sanduku la mbao, nimelizungushia magunia ndani, tundu za hewa zimeelekea uani, na dari nimeishusha ili asiweze kunyoosha shingo yote. Wanawika, siwezi kusema hawawiki, ila sauti inatoka imefifia. Nafungua saa moja asubuhi. Jirani yangu hajanigombeza tangu hapo. Kwa nini tusianzie hapo kabla ya marufuku?

Afisa mifugo mstaafu, Dodoma

Mama, sanduku lako sawa kwa sharti moja: joto la Dar. Jogoo anayehema mdomo wazi asubuhi unapomfungulia, ujue hewa haitoshi. Na dari asiigonge akisimama kawaida. Zile kanda za kubana shingo wanazouza mitandaoni msinunue, zinaweza kumkaba.

Nije kwenye kuhamisha, maana hapo ndipo maradhi yanaposambaa. Anayetoa jogoo amchanje mdondo kwanza. Chanjo ile ya I-2 ni tone moja jichoni, inarudiwa kila miezi mitatu, na mpe walau wiki mbili kabla hajasafiri. Anayepokea amtenge wiki mbili nyingine, chombo chake cha maji kiwe peke yake. Nimeona kuku wa ukoo mzima wakiisha kwa sababu ya jogoo mmoja wa zawadi.

Ila kubadilishana majogoo ni jambo jema. Mkibaki na jogoo aliyezaliwa bandani kwenu anapanda dada zake na mama yake, vifaranga wanadhoofika. Badilishaneni kila baada ya mwaka au miwili.

Niko Seattle

Huku mwaka 2010 jiji liliruhusu kuku hadi wanane kwa nyumba, likakataza majogoo wapya. Usiku kweli umetulia. Lakini watu wananunua vifaranga wakiambiwa wote ni majike, mmoja au wawili wanageuka majogoo, na wengi huku hawawezi kuchinja. Ndipo unaona matangazo ya jogoo wa bure kila kona, na vituo vya kutunza wanyama vinasema vimejaa. Wengine wanaachwa porini waliwe na mbweha. Na jogoo wa bure huku hatari yake nyingine ni wale wanaowatafuta wa kupiganisha. Mkipitisha marufuku, amueni siku hiyohiyo wanakwenda wapi.

Mfugaji wa Tabata (mwanzisha mada)

Ahsanteni sana wote. Mpangaji wa Sinza, hoja yako nzito na kwenye mkutano nitaisema kama ulivyoisema. Nami nitapendekeza lalamiko lipelekwe kwa mjumbe bila jina la mlalamikaji, na mjumbe mwenyewe ndiye aende kuangalia banda. Kama mwenye nyumba ana jogoo zaidi ya mmoja, mpangaji asilazimike kujitokeza. Hiyo inawezekana bila marufuku.

Mama wa Mbagala, sikutaka ada ya watoto wako iliwe na kanuni yangu. Mapora ya kunenepesha yanaweza kukaa nje ya mji, Chanika au Mkuranga, kwa mtu mwenye nafasi, mkagawana wakati wa kuuza. Sisi wanne hapa Tabata tumeanza hivyo. Kwa asiye na mtu huko, sanduku kama lako likaguliwe na mjumbe, mapora yaruhusiwe mpaka sikukuu iliyo mbele, basi.

Wengi wameniuliza pembeni wanamjuaje mapema. Kuanzia wiki ya sita au ya nane angalia undu, ile nyama ya kichwani: wa kiume unatangulia kukua na kuwa mwekundu, miguu minene, anasimama wima. Baadaye manyoya ya mwisho wa mgongo yanatoka marefu yamechongoka, ya mtetea yana ncha ya mviringo. Ukingoja awike ndiyo umjue, umechelewa.

Nina mapora mawili ya chotara, mekundu, yote yamechanjwa I-2. Nayatoa kwa kubadilishana na jogoo wa damu nyingine, siyauzi. Anayeyataka anieleze ana mitetea mingapi, jogoo wake wa sasa anampeleka wapi, na jirani yake analala upande gani wa banda.