Naombeni ushauri: nimwanzishie mke wangu na filamu ipi ya matapeli?

Wakuu, habari zenu. Nimenogewa na vichekesho vya mapenzi vya Hollywood ya zamani, vile ambavyo tapeli anajikuta amependa kweli.

Kwenye Trouble in Paradise ya mwongozaji Ernst Lubitsch (1932), wezi wawili wako Venice wanakula chakula cha jioni huku wakichomoleana vitu. Pochi, pini ya nguo, saa, vyote hivyo vinarudishwa kwa adabu zote, na hapo ndipo mapenzi yanapokolea! Halafu kuna The Lady Eve ya Preston Sturges (1941): Barbara Stanwyck yuko melini, anamchungulia Henry Fonda kupitia kioo kidogo cha poda, kisha anamtega mguu anaanguka chini. Yule mama uso wake unaongea, rangi ya nini?

Shida ni mke wangu. Amezoea tamthilia za Kituruki, akiona picha haina rangi anaomba rimoti. Nianze na ipi? Nafikiria ya Sturges kwa sababu ina vituko vingi, ingawa ya Lubitsch ndiyo naipenda zaidi.

Mwenye kujua nyingine za kabla ya 1950, hasa zenye tapeli mwanamke, naomba anitajie.