Kwa 45,000 mkononi: nibaki Nairobi au nihamie Mombasa, Kisumu ama Dar?

Mpangaji_Roysambu: Wadau, nisaidieni hesabu. Kampuni imeturuhusu kufanyia kazi popote palipo na intaneti, ofisini ni mara moja kwa mwezi. Mkononi napata 45,000 za Kenya kwa mwezi. Bedsita yangu (chumba kimoja na choo ndani) Roysambu, hapa Nairobi, ni 11,000, ghorofa ya 5, lifti hakuna, na maji yanatoka Jumanne na Ijumaa peke yake. Siku nyingine nanunua mtungi na kumlipa kijana aupandishe. Ukiweka taka na tokeni za stima, nafika 14,000. Wanasema kodi na bili za nyumba zisipite theluthi ya mapato, na mimi ndio hivyo nimebakisha 1,000 nigonge dari. Mliokaa miji mingine, nipeni ukweli.

Binti_wa_Kisauni: Karibu pwani kaka, ila usije na hesabu za bara. Mimi niko Kisauni, Mombasa, chumba kikubwa na choo ndani, 7,000. Sasa sikiza. Huku feni si anasa. Inazunguka mchana kutwa, usiku kucha, na tokeni zinakwenda nayo. Maji ya kisima yana chumvi: utaoga, utafulia (sabuni haitoki povu, utazoea), lakini ya chai na ya kunywa unanunua kwa madumu ya lita 20 kwenye mkokoteni. Likoni, ng'ambo ya kivuko, utapata rahisi zaidi. Feri kwa miguu ni bure, lakini foleni yake usiniulize.

Omera_Mamboleo: Kisumu. Bedsita 6,500, samaki tele. Stima ikipotea jioni ndiyo siku umeamua kulala mapema. Kwa kazi ya intaneti, nunua betri.

Dada_wa_Kimara: Mkenya mwenzenu, mwaka wa tatu Dar. Chumba, sebule, jiko na choo ndani, Kimara, nalipa 200,000 za Tanzania kwa mwezi, kama 10,000 za kwetu. Nzuri, sivyo? Haya, mwenye nyumba alitaka miezi 6 kwa mkupuo, na dalali akachukua yake ya mwezi mmoja. Jumla 1,400,000, yaani kama 70,000 za Kenya, kabla sijanunua hata godoro. Nilikopa kwa shemeji. Na LUKU (umeme wa kulipia kabla) tulikuwa wapangaji watatu mita moja: daftari limefungwa kwa uzi ukutani, kila anayenunua umeme anaandika jina, na ugomvi wote wa nyumba ile ulianzia kwenye daftari. Halafu ulizia kibali cha kuishi kabla ya kufunga begi. Kuingia ni rahisi, kukaa na kufanya kazi ni habari nyingine.

Mpangaji_Roysambu: 70,000 siku moja? Dar nimeifuta, dada. Nairobi angalau ni mwezi mmoja na dipositi.

Boda_Umoja: Dipositi ambayo hurudishiwi. Mimi nilihama Umoja, hapa Nairobi, nikakatwa yote eti ya rangi, na ukuta nilipaka mwenyewe. Mkitaja sheria, ya kudhibiti kodi ipo, lakini inahusu nyumba zisizozidi 2,500 kwa mwezi. Nionyesheni hiyo nyumba Umoja. Uganda sheria yao ya 2022 imeweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka kodi ikipandishwa. Sisi tunaamka na karatasi chini ya mlango.

Mzee_wa_Ploti: Mimi ni landilodi, vyumba 12 Kayole, nitukaneni baadaye. Kijana, Roysambu unalipia Thika Road. Anayekimbilia mjini saa kumi na moja alfajiri, hiyo pesa inamrudia kwenye nauli na usingizi. Wewe unaamka, unafungua kompyuta kitandani. Unalipia barabara usiyoipanda! Toka hata Ruiru ndani ndani, au Kitengela, kodi itashuka bila kuvuka mto wowote.

Mpangaji_Roysambu: Mzee, hapo umenikamata. Sijapanda matatu wiki tatu. Lakini Kitengela na vumbi lile, si afadhali bahari? Nampa landilodi notisi mwisho wa mwezi. Dada wa Kisauni, naweza kuanza na mwezi mmoja nikijaribu?

Binti_wa_Kisauni: Waweza. Usikubali chumba cha juu kabisa chini ya bati, utaiva. Na njoo na feni yako.