Nikisema dini yangu ndiyo ya kweli, nimemkosea jirani?

BuchaMbale:
Salaam wakubwa. Nina bucha Namakwekwe. Wateja wengi ni Wakristo, na mnajua Uganda yetu: anachinja Mwislamu, wanakula wote. Juzi nabishana na mlokole mmoja, rafiki yangu. Namwambia Mungu hana mwana, naye ananionya nisipookoka nitaangamia. Kijana mmoja wa chuo akaingilia: "Wazee, kila mtu ana ukweli wake. Mkikubali hivyo ugomvi utaisha." Ugomvi upi? Mlokole alikuwa anangoja kilo zake mbili! Sasa nauliza, lazima niseme dini zote ni sawa ndipo nihesabiwe mvumilivu?

Mama wa Rubaga:
Mimi namwelewa kijana. Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda, Januari 1892, Wakatoliki na Waprotestanti waliuana, na Yesu wao mmoja. Mtu mwenye uhakika kupita kiasi ananitisha.

BuchaMbale:
Nyabo, pale paligombewa utawala na ardhi. Lugard, kapteni Mwingereza, aliwapa Waprotestanti bunduki, Wakatoliki wakaishia Buddu, kusini-magharibi mwa Buganda. Wangeambiwa kweli zote ni sawa, nani angeacha shamba? Halafu huyo kijana naye anataka sote tukubali neno lake. Mbona hilo lake analitaka liwe kweli kwa wote?

Nabugoye:
Mimi ni Myahudi wa hapa hapa Mbale, wazee wetu walimfuata Semei Kakungulu, chifu wa Kiganda aliyeingia Uyahudi mwaka 1919. Enzi za Amin masinagogi yalifungwa, watu wakasali kwa kujificha. Hawakuhitaji Mwislamu wala Mkristo aone Torati ni sawa na kitabu chake. Walihitaji jirani anayeona wamepotea, na bado haendi kuwachongea kwa chifu. Mtu asiyeona kosa lolote kwangu anavumilia nini? Hata Katiba ya 1995, kifungu cha 29, inaniachia niabudu. Haijasema popote kwamba niko sahihi.

Mama wa Rubaga:
Haya, barazani mmeshinda. Nyumbani je? Mume wangu Mwislamu, mimi Mkatoliki. Mtoto akauliza nani mkweli, nikamjibu sote wawili. Akasema, "Mbona baba haji misa?"

BuchaMbale:
Mtoto ana akili huyo! Mwambieni kila mmoja anachoamini, mkiwa mmekaa pamoja, baba asikie. Ila binti yangu akiniletea mchumba Mkristo, nitakataa, sitawadanganya. Hapo mlokole na mimi tuko upande mmoja, maana binti yake naye amekatazwa kuolewa na Mwislamu.